Wenye Njaa Walionenepa

Mzee mmoja aliingia mlangoni akiwa mwembamba kama ufito, akatokea upande wa pili na kitambi. Ndivyo picha ilivyoonyesha, na picha haina upendeleo. Upande wa nje wa mlango ule walikuwa wameupiga mwanzoni mwa kazi, na upande wa ndani wakaupiga wiki nyingi baadaye, maana filamu hutengenezwa hivyo: vipande vipande, halafu vinaungwa ionekane ni dakika ileile. Vipande vilipoungwa, mzee wa watu akavuka kizingiti kimoja tu na kunenepa papo hapo. Mwongozaji wa filamu alikirudisha kile kipande, akakitazama tena, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Huyu amekula nini hapo katikati?"

Wote waliokuwa chumbani wakageuka kumtazama Kijiko.

Kijiko ndiye aliyekuwa mpishi wa kambi. Jina hilo alibandikwa na kaka zake utotoni, kwa sababu alikuwa hatoki nyumbani bila kijiko mfukoni, kwamba huwezi kujua utakutana na nini njiani, na likamganda mpaka amekuwa mama wa watoto. Hakuwa na uhusiano wowote na mambo ya kamera. Kazi yake ilikuwa kulisha kambi nzima, kuanzia mwongozaji hadi mshika taa, na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Shida ni hapo, kwenye kupita kiasi.

Filamu yenyewe iliitwa Sufuria ya Mwisho. Dunia imeungua yote, imebaki vumbi na mabati. Chumvi yote iliyosalia imeshikwa na jitu moja katili linaloitwa Mfalme wa Majivu, na anayetaka chumvi lazima apigane kwa kupika. Ndiyo, kupigana kwa kupika. Shujaa ni Binti wa Mwiko, ambaye anaendesha pikipiki iliyochomelewa kwa vyuma vya majiko, anawatandika maadui kwa mwiko wa chuma wenye urefu wa kasia, na anaweza kuruka juu ya moto akiwa na kikaango mkononi bila yai kupasuka kiini. Akipika vibaya, anatupwa tanurini. Usiniulize petroli ya pikipiki inatoka wapi wakati dunia imeungua. Kuna aliyeuliza, akaambiwa ashike taa vizuri.

Sasa ili watazamaji waamini kwamba dunia ina njaa, lazima waone watu wenye njaa. Kwa hiyo lilikodiwa kundi kubwa la watu wembamba, wakavalishwa matambara, wakapakwa masizi, wakaitwa Wenye Njaa. Kila siku walijikokota mbele ya kamera wakinyoosha mikono na kulia "Chakula! Chakula!" halafu kengele ikilia wanakimbilia kwenye hema la Kijiko na kula wali, maharage ya nazi, kabichi iliyokaangwa na vitunguu, na nyama ambayo mfupa ulikuwa unaiachia wenyewe bila kuombwa. Walirudia. Wengine walirudia kurudia. Mwezi wa pili mbavu zilianza kupotea moja baada ya nyingine, na mashavu yakajaa. Fundi cherehani wa kambi alitupa mkasi mezani akasema, "Nimeshona maisha yangu yote, sijawahi kuombwa nipanue matambara."

Bosi aliyekuwa ameigharamia filamu alimwita Kijiko pembeni. Alikuwa mama mwenye haraka, asiyekaa kitini hata akiwa amekaa.

"Tumebakiza onyesho kubwa la mwisho," alisema. "Nataka njaa. Nikiona kidevu cha pili hata kimoja, kibarua chako kimeota nyasi."

"Nipunguze chakula, bosi?"

"Tulishajaribu wiki iliyopita. Ukasahau?"

Hakusahau. Walipopunguziwa, Wenye Njaa waligoma. Walikaa chini uwanjani na matambara yao, wakakataa katakata kuigiza njaa wakiwa na njaa. Na mkataba wao ulisema wazi: sahani ijae.

"Basi sahani ijae," bosi alisema, "lakini mtu asitamani kuimaliza. Pika vibaya."

Kijiko alikwenda jikoni kupika vibaya. Ukitaka kuona binadamu akiteseka, mwambie fundi aharibu kazi yake mwenyewe. Alizidisha chumvi, mkono wake, bila ruhusa, ukaongeza viazi vya kuinyonya. Aliunguza wali, Wenye Njaa wakagombania ukoko. Akakata vitunguu hovyo hovyo, akavitupa kwa hasira, akaenda zake, na kufikia kona ya hema roho ikamsuta, akarudi mbio kuvigeuza visiungue. Siku hiyo yule mzee wa mlangoni, ambaye sasa kambi nzima ilimwita Mzee Mlango, alimpa mkono wa pongezi na kusema hajawahi kula mchuzi kama ule tangu aoe.

Kijiko alikaa juu ya gunia la mchele akajishika kichwa. Hapo ndipo alipomkumbuka dada yake.

Sasa hapa kuna siri ya familia, na ukiisikia imeze. Mama yao alipofariki, baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo. Dada Mkubwa, ambaye ukubwa wenyewe ulikuwa wa miaka michache tu, alipanda juu ya kopo la rangi ili aweze kuona ndani ya sufuria, akaanza kuwapikia wadogo zake. Alipika vibaya. Nasema vibaya nikiwa nimepunguza. Wali wake ulikuwa uji kwa nje na mchanga kwa ndani. Maharage yake yaligonga sahani kama mvua ya mawe. Mchuzi aliutia majani ya chai, "kwa ajili ya rangi." Siku ya kwanza mmoja wa kaka alifungua mdomo aseme neno, akauona uso wa dada yake: jasho, masizi puani, na macho yanayosubiri. Akaufunga mdomo, akatafuna kwa mbinde, akasema, "Tamu." Baadaye watoto watatu walikutana uvunguni mwa kitanda wakala kiapo: Dada asijue, na sahani zirudi zimelambwa.

Kiapo kile hakijavunjwa hata leo. Dada Mkubwa alilea, akasomesha, akaozesha, na katika misiba na harusi zote za ukoo aliwahi kufika mapema kuingia jikoni, huku ndugu wakipeana zamu za kumtuma mahali. Mumewe, mtu mpole sana, hupitia kibandani kula mkate na mayai kabla ya kufika nyumbani, kisha anakula tena mezani kwa moyo wa kishujaa. Dada anajua, kwa uhakika kabisa, kwamba yeye ni mpishi. Analalamika tu kwamba hakuwahi kupata nafasi.

Kijiko alimpigia simu.

"Dada, huku kambini nimezidiwa. Kuna kundi kubwa la watu, nahitaji mtu wa kuwapikia."

Upande wa pili akasikia mtu anapenga kamasi.

"Mdogo wangu," Dada alisema, "nilijua tu siku moja mtu ataniita."

Alifika na aproni mpya iliyopigwa pasi na mwiko wake mwenyewe umefungwa kwenye kanga. Kabla hajafika, Kijiko alikuwa amepanda juu ya kreti la soda mbele ya Wenye Njaa wote na kuwaeleza hali halisi. Wasipokonda, bosi atatafuta wembamba wengine, na kila mtu atarudi kwao. Anayekuja ni dada yake, aliyemlea. Chakula kitakuwa kibaya. Atakayemwambia kwamba ni kibaya atakutana na yeye Kijiko uso kwa uso, na ana visu vingi.

"Kibaya kiasi gani?" aliuliza Mzee Mlango.

"Mzee wangu," Kijiko alisema, "funga mkanda."

Na kweli, mchana wa siku hiyo hema lilipatwa na ukimya ambao halijawahi kuupata. Watu walitafuna wakitazama mbali. Mmoja alitoa dengu mdomoni, akaigonga juu ya meza, ikalia. Lakini hakuna aliyesema neno. Sahani zilirudi zimejaa nusu, nyingine zimejaa zaidi ya nusu, na mabaki yakapelekwa kwa nguruwe wa jirani, ambao nao wakafikiria kwanza. Dada Mkubwa alizitazama sahani zile kwa macho yaliyolowa.

"Unaona hawa watu?" alimwambia Kijiko. "Wanajinyima kwa ajili ya kazi. Chakula kitamu kiko mbele yao na wanakiacha. Huo ndio usanii, mdogo wangu."

Kijiko alijikaza kisabuni, akasema ndiyo dada.

Mbavu zikarudi kazini. Videvu vya pili vikaaga. Fundi cherehani akarudisha matambara yake kwenye upana wa zamani huku akiimba. Mzee Mlango alipitishwa tena mlangoni, akaingia mwembamba na kutoka mwembamba, na mwongozaji akaibusu ile kamera. Ajabu ni kwamba Wenye Njaa walimpenda Dada Mkubwa kuliko walivyowahi kumpenda Kijiko mwenyewe. Alijua nani ana mtoto mgonjwa. Alimfunga kitambaa aliyejikata kwenye bati. Alimfokea anayetembea pekupeku kwenye misumari kana kwamba alimzaa yeye. Walikuwa wanakuja mapema kwenye hema lake ili wakae naye, ilimradi asipakue.

Bosi alimpigapiga Kijiko begani na kazi ikawa salama. Lakini Kijiko hakupata raha. Kila Dada alipopita akicheka na sufuria yake, moyo ulimpasuka. Angejua! Mwanamke aliyewalea kwa mikono miwili, kuitwa kazini kwa sababu chakula chake hakiliki, na kambi nzima ikijua isipokuwa yeye. Kijiko aliomba jambo moja tu: onyesho la mwisho lipite, watu watawanyike, dada yake arudi kwake na aproni yake na furaha yake nzima.

Onyesho la mwisho lilipigwa ndani ya kiwanda cha saruji kilichofungwa zamani, jengo refu lenye vumbi jeupe hata kwenye kuta. Katikati walikuwa wamejenga kiti cha enzi kwa majiko yaliyochomelewa pamoja. Hapo ndipo Mfalme wa Majivu angeletewa sufuria mbili. Kwanza ya mpishi wake msaliti, aionje, achukie, aiteme, aamuru msaliti atupwe tanurini. Kisha ya Binti wa Mwiko, aionje, alie kama mtoto, aachie chumvi ya dunia. Mwisho.

Aliyeigiza Mfalme alikuwa pandikizi la mtu, mwenye ndevu za bandia hadi kifuani na mafuvu ya plastiki mabegani. Nje ya kazi alikuwa anafuga njiwa, na akigongana na kiti anakiomba radhi. Kuua aliweza. Kuunguruma aliweza. Kuchukia chakula akashindwa. Kwenye sufuria ya msaliti walikuwa wamemwekea ndizi zilizopondwa na kupakwa rangi nyeusi, na kila alipozionja alikunja uso kidogo tu, uso wa mtu anayechagua tikiti sokoni na hajaamua.

"Kata!" mwongozaji alipiga kelele. "Bwana, umeonja kitu cha kuzimu, siyo dawa ya meno!"

Walirudia. Tikiti lilelile. Walirudia tena. Mwongozaji alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaitupa chini akaikanyaga. Ndipo akanyoosha kidole kuelekea hema la chakula.

"Leteni ile sufuria ya Wenye Njaa. Aonje ile. Nataka mpige mapigano yote mfululizo, kamera zisizime, na mwisho aonje ile."

Kijiko alikuwa amesimama na dada yake pembeni ya ukuta, kando ya hema hilo, lililokuwa limehamishiwa mle kiwandani. Dada alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, maana ilikuwa siku ya mwisho. Alimshika Kijiko mkono akamfinya, akiamini chakula chake ndicho cha kumliza Mfalme.

"Umesikia? Changu! Mfalme mwenyewe ataonja changu, na dunia nzima itaona!"

"Dada, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini? Nimesubiri miaka yote!"

"Ni nzito, acha nibebe mimi."

"Toka hapa," Dada alisema kwa furaha, tayari ameshakunja vitambaa vya kushikia masikio ya sufuria. "Nilikuwa nabeba sufuria na wewe mgongoni."

Akaondoka nayo. Kijiko akaiona sufuria yake mwenyewe, ya chakula cha jioni cha mafundi, inafuka mvuke juu ya jiko. Kama angeiwahisha kwenye kiti cha enzi na kubadilisha, Mfalme angeonja chakula kizuri, angeshindwa tena kukunja uso, mwongozaji angetukana, na hilo si kitu. Akaibeba kichwani akaanza kukimbia.

"Anza!" mwongozaji akapiga kelele, na vita vikaanza.

Mtu mwenye akili angepita kando, kwenye ujia wa ukutani. Kijiko hakuwa na akili dakika ile, alikuwa na dada. Akakata katikati ya uwanja. Moshi ulipulizwa, mabati yakaanguka, wapishi wa Mfalme na wapishi wa Binti wakavamiana kwa miko, vifuniko na mapipa. Mwiko wa mtu ulipita juu ya sikio lake; akaokota kifuniko, akakinga wa pili. Pikipiki ya majiko iliruka juu yake, akainama kwa magoti bila kuinamisha kichwa. Jitu lililojifunga vikaango kifuani likamzuia njia likinguruma kama lilivyofundishwa. "Nipishe, baba, nina haraka," Kijiko akasema, na lile jitu, kwa mazoea ya kupanga foleni mbele yake, likampisha. Alikanyaga mafuta yaliyomwagika, akateleza uwanja mzima kwa mguu mmoja, mikono hewani, sufuria kichwani, na halikumwagika tone.

"Nani yule?" mwongozaji alinong'ona. "Msimkate! Mfuateni, mfuateni na kamera!"

Alisimama mbele ya kiti cha enzi, roho juu. Dada Mkubwa alikuwa ameshafika. Alipita ujia wa ukutani, akitembea taratibu asimwage. Ameshafunua, ameshapakua, na kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwa Mfalme wa Majivu.

Sijui niueleze vipi uso ule. Kwanza macho yalimtoka pima. Kisha yakafumba. Pua ikapanda, mashavu yakashuka, na ulimi ukatoka wote nje ukitafuta pa kwenda. Alitoa mguno uliowafanya wapiganaji wasimame na miko hewani. Alitema kushoto, akatema kulia, akajifuta kwa ndevu zake, zikabanduka zikabaki mkononi, akaendelea kujifuta nazo.

"Kata! Kata, kata, kata!" Mwongozaji alikuwa anarukaruka. "Huo ndio uso! Chakula kibaya kuliko vyote duniani! Nilijua tu hakitaniangusha!"

Mafundi wakapiga makofi. Halafu mmoja mmoja wakaacha, kwa sababu walimwona Dada Mkubwa.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kiti cha enzi na kifuniko mkononi. Aliwatazama watu kwa zamu, na kila aliyetazamwa akaangalia viatu vyake. Yule Mfalme, maskini ya Mungu, alipogundua ni nani kasimama pale, alianza kuzirudisha ndevu usoni kwa aibu, akazibandika upande upande.

Mzee Mlango akajitosa. "Anaigiza, mama!" alipaza sauti. "Ni mwigizaji hodari tu! Mbona sisi tunakipenda?" Na akapanda ngazi mbio, akachota kwa mkono, akala. Machozi yakamtoka. "Tamu!" Basi Wenye Njaa wote wakatimua mbio nyuma yake. Waliizunguka ile sufuria, wakachota, wakatafuna, wakapaliwa, wakapigana mgongoni, huku wakisema kwa sauti za kukabwa, "Tamu! Tamu sana, mama!" Ilikuwa heshima kubwa, na ilikuwa inatisha kuiangalia.

"Acheni," Dada alisema.

Wakaacha. Aligeuka kwa Kijiko, ambaye bado alikuwa na sufuria kichwani.

"Wewe ndiye uliyeniita. Niambie. Chakula changu kibaya?"

Kijiko alifungua mdomo. Neno lile alilozoea kulisema tangu utoto lilikuwa tayari ulimini, lilikuwa rahisi, lilikuwa limeshasemwa mara maelfu. Alimtazama dada yake na gauni lake la harusi za watu, akashindwa kulisema.

"Kibaya, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ile ya kopo la rangi?"

"Ile ile."

"Lakini mlikuwa mnamaliza. Kila siku. Sahani zinarudi zimelambwa."

"Tulikula kiapo. Tulisema tukibakiza utaumia, umehangaika, una masizi puani. Kwa hiyo tulikuwa tunamaliza. Mmoja akishindwa, mwingine anamsaidia." Kijiko alikuwa analia sasa, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya sufuria. "Hatukubakiza hata punje, dada. Siku zote tulimaliza."

Dada Mkubwa alikaa chini kwenye ngazi, polepole. Akaanza kutikisika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia, pengine hata yeye.

"Nilikuwa nasubiri mbakize," alisema.

"Nini?"

"Chakula kilikuwa kidogo. Nilikuwa nawapakulia ninyi kwanza, nawaambia nimeshiba, nimekula jikoni. Nilikuwa nasubiri mkibakiza ndiyo nile. Hamkubakiza hata siku moja." Alijifuta kwa upindo wa gauni. "Nikasema moyoni, loo, hawa watoto wanapenda chakula changu! Nikawa nakunywa chai, nalala."

"Lakini ulikuwa unapika, dada. Hukuonja?"

"Ningeonjaje? Nilikuwa na njaa. Niliogopa nikionja sitaweza kuacha." Alikitazama kifuniko. "Halafu nikazoea. Mpaka leo napakua, nawapa watu, mimi nanywa chai."

Lile jitu la vikaango lilikuwa limejifunika uso. Dada Mkubwa aliivuta ile sufuria, akachukua kijiko cha Mfalme, akakifuta, akachota, akatia mdomoni. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akafikiri. Akaendelea, kwa sababu hakuwa mtu wa kutema chakula, akameza kwa nguvu zake zote na kushika ukingo wa kiti cha enzi.

"Mungu wangu," alisema. "Mliishije?"

Kicheko kilianzia kwa Mzee Mlango kikapita kiwanda kizima, na Dada mwenyewe alicheka mpaka akalala ubavu juu ya zile ngazi. "Na mume wangu?" aliuliza alipopata pumzi. "Na yeye?"

"Shemeji ndiye bingwa wetu," Kijiko alisema.

Mwongozaji alikuwa anakuja na kofia yake iliyokanyagwa, anataka kueleza kwamba kamera hazikuzimwa na kwamba hajawahi kupata kitu kama kile. Bosi alimshika kola akamrudisha nyuma. Kijiko alishusha sufuria yake kichwani, akakaa karibu na dada yake, akakipindua kile kifuniko kuwa sahani, akapakua: wali, maharage, na kipande cha nyama kilichoachia mfupa chenyewe. Dada alikula. Alikula taratibu mwanzoni, kwa adabu, halafu bila adabu, akiwa ameinama juu ya kifuniko, kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Kijiko alimtazama tu. Tumbo lake mwenyewe lilinguruma kwa sauti, maana hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu asubuhi.

Dada aliinua macho. "Umekula?"

"Nimeshiba," Kijiko alisema. "Nimekula jikoni."

Dada Mkubwa aliacha kutafuna. Alimtazama mdogo wake, akaiweka ile nyama pembeni, akausukuma wali uliobaki nusu ya kifuniko, akamsogezea.

"Nimekubakizia," alisema. "Kula."

Kijiko akatoa kijiko mfukoni akala, na wakamalizia pamoja huku mshika taa akilalamika kwamba jua linazama.